Mstari wa Nne

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya matofali, mkabala na lango la nyuma la bustani ya mimea, kwenye kona ambayo maji ya mfereji hayajawahi kukauka tangu dunia iumbwe. Kahawa inauzwa na mama mmoja aitwaye Shubiri. Wapo wasemao jina hilo limetokana na kahawa yake isiyojua sukari, na wapo wanaosema ni ulimi. Wateja wake wa kudumu ni watatu. Kuna Kamusi, mstaafu wa mahakamani, mzee anayedai kwamba alikuwa mkalimani huko na kwamba anazifahamu lugha saba, na ambaye hajawahi kuulizwa jambo akasema hajui. Kuna Safari Moja, dereva wa gari la maiti la hospitali, aliyepewa jina hilo kwa kuwa abiria wake hawakati tiketi ya kurudi. Na kuna Brashi, mwandika vibao, ambaye Jumatatu hiyo asubuhi alikuwa ameketi mwisho wa benchi na kikombe kilichopoa mkononi, akitamani ardhi ipasuke immeze.

— Hebu rudia, Brashi alisema.

— Nimesharudia mara mbili, kaka, akasema Safari Moja. Jumamosi alfajiri nimemtoa bibi mmoja wodini, nikampeleka chumba cha maiti. Nesi akanisimulia. Mjukuu wake anakohoa. Ijumaa bibi kapita humo bustanini, kaona kibao kwenye ule mti wa maua ya waridi karibu na bomba, kasoma jina la dawa ya kikohozi ya kwao. Kachuma majani, kafunga kwenye mtandio, kaenda kuchemsha.

— Na mtoto?

— Mtoto mzima. Bibi alionja yeye kwanza. Kikombe kizima, aone kama dawa haijawa kali mno kwa mtoto. Si unawajua bibi zetu. Basi moyo ukaanza kupiga kama saa iliyoishiwa betri, mpaka alfajiri ukanyamaza.

— Mungu amrehemu, Shubiri alisema.

Brashi alikijua kibao hicho kama anavyojua kiganja chake. Mwaka uliopita bustani ilimpa kazi ya vibao arobaini na viwili vya bati, kila kimoja mistari minne. Mstari wa kwanza jina la kisayansi, maneno mawili, la kwanza lianze kwa herufi kubwa na la pili kwa ndogo, na herufi zote zilale upande kidogo. Meneja alilisisitiza jambo hilo la kulaza herufi mpaka Brashi akaliota. Mstari wa pili Kiswahili, wa tatu Kiingereza. Hiyo mitatu ilitoka ofisini ikiwa tayari imechapwa kwenye karatasi. Wa nne ulikuwa wa jina la wenyeji, kwa lugha yoyote ya nchini, na huo mwandika vibao alitakiwa akautafute mwenyewe. Meneja alimwambia kabisa kwamba kibao chenye pengo hakipokei.

Brashi hakwenda mbali. Wenyeji ni nani kama si watu wa benchini? Alikuja na karatasi yake, akawa anataja mti mmoja mmoja, na pale penye mazungumzo ya kawaida pakageuka uwanja wa mashindano. Kila mtu alitaka lugha ya mama yake ipande kwenye bati. Shubiri akajipatia vibao kumi na kimoja, Safari Moja tisa, na Brashi naye, kwa kuwa brashi ilikuwa mkononi mwake, hakujisahau. Mlonge peke yake ulichukua siku mbili, maana kila mmoja aliapa kwamba kwao una jina zuri zaidi. Kamusi ndiye aliyebaki nyuma. Alikuwa amesema miaka yote kwamba kwa upande wa mama yeye ni mtu wa milimani, na lugha ya watu wa milimani haikuwa na kibao hata kimoja. Walimtania sana. Walipofika namba thelathini na moja, mti ambao wenye benchi hawakuujua hata kidogo, Kamusi alinyoosha kidole akasema, "Huu kwetu tunauita lusekwe." Wakampigia makofi. Brashi akaandika, na ukweli usemwe, kiliibuka kibao kizuri kuliko vyote.

— Nimeletewa barua, Brashi alisema, akaitoa mfukoni. Kesho saa nne nifike ofisini nieleze jina la mstari wa nne, kibao namba thelathini na moja, lilitolewa na nani.

Hakumtazama Kamusi alipokuwa anasema. Wala hakukuwa na haja, maana wenzake wawili walimtazama kwa niaba yake.

— Jina halina kosa, Kamusi alisema. Lusekwe ni lusekwe. Majani membamba, marefu, yanang'aa kidogo juu. Dawa ya kifua. Tatizo ni bibi mwenyewe, labda alichemsha sana.

— Mzee, mtu anakufa kwa kuchemsha sana? Brashi aliuliza.

— Kila dawa ina kipimo chake. Hata maji ukizidisha yanaua.

— Hapana, hapana, jamani, tusimwonee marehemu, akaingia Safari Moja, akijisogeza mbele ya benchi jinsi afanyavyo akipata wazo. Mimi kosa naliona kwenye mstari wa kwanza. Pale pameandikwaje? Nerium oleander. Hiyo ni lugha gani?

— Kilatini, Brashi alisema.

— Kilatini. Haya, niambie nani anazungumza Kilatini. Kuna mtoto analilia ziwa kwa Kilatini? Kuna mwanamke anamsuta mumewe kwa Kilatini? Lugha ilishakufa, ikazikwa, matanga yakaisha. Sasa mti mzima wa Mungu unaubatiza kwa lugha ya marehemu, halafu unategemea ukutibu? Si utakuita uende huko huko? Ndiyo maana wahenga wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali hapo imefuata nini? Shubiri aliuliza.

— Imefuata mada.

— Haijafuata kitu. Na mpapai je? Mpapai nao una Kilatini chake, mbona unakula papai kila siku na huendi kokote?

— Mpapai ni mti mpole. Unavumilia.

Brashi aliwasikiliza tu. Siku nyingine angecheka, angetupia na lake. Leo kila neno lilimpita na kumrudisha kwenye kikombe cha yule bibi. Alijiuliza kama alikinywa ameketi kitini au amesimama jikoni, na kama mtoto alikuwa anatazama.

— Majina ya ofisini mimi siyaamini tangu zamani, Shubiri alisema, akifuta vikombe kwa haraka isiyo ya lazima. Mkwaju si wameuandika indica? Mwanafunzi mmoja alikaa hapo hapo ulipokaa wewe, akaniambia maana yake wa India. Mkwaju. Mti uliozaliwa huku na mababu zake wako huku, wameukatia cheti cha ugenini. Mimi mwenyewe cheti changu kimeandikwa nimezaliwa mwaka ambao mama yangu alikuwa bado hajaolewa. Karatasi haioni haya.

— Sasa hapo umesema kweli, Kamusi akadakia, uso ukimrudia rangi kidogo. Karatasi haioni haya. Mti haujui ulichoandikwa. Unajua unachoitwa. Nawaambieni jambo ambalo hamjawahi kulisikia. Mti hubadilika kulingana na lugha ya mtu anayeuita. Ukiuita kwa jina la dawa miaka kumi, ishirini, sumu inapungua yenyewe. Muarobaini mnadhani ulitibu maradhi arobaini siku ya kwanza? Ulianza na mawili matatu. Watu wakaendelea kuuita hivyo, nao ukajitahidi.

— Mzee, usitupige kamba asubuhi yote hii, Safari Moja alisema.

— Sipigi kamba. Lusekwe ya pale bustanini ndiyo kwanza ina mwaka mmoja tangu ipewe jina. Haijalizoea. Bibi amewahi mno. Jina jema hung'ara gizani.

— Bibi amekufa, Kamusi, Shubiri alisema. Unaniambia alitakiwa angoje mti uzoee?

— Mimi nasema kuna mtu kabadilisha kibao, Safari Moja alisema. Wale wa viwanda vya dawa. Wanapita kwenye mabustani, wanahamisha vibao, watu wadhurike, waogope mitishamba, wakanunue vidonge. Kikohozi chupa moja, watu milioni wanakohoa, piga hesabu mwenyewe. Na ukitaka kujua ni kweli, mwaka huu nimebeba wangapi waliokufa kwa vidonge? Hakuna. Wanafichwa.

— Wanafichwa na nani, na gari la maiti unaliendesha wewe? Shubiri aliuliza.

Safari Moja alifikiri kidogo, akanyanyua kikombe, akakuta hakina kitu.

— Kibao hakikubadilishwa, Brashi alisema. Nilikipigilia mwenyewe, misumari minne. Nimekwenda kukiangalia leo alfajiri. Matawi ya chini yamevunjwa vizuri, moja moja, kazi ya mtu aliyekuwa hataki kuumiza mti.

Gari la taka lilipita, likasimama langoni, likaondoka. Kisha Brashi akageuka kumwangalia Kamusi machoni, jambo alilokuwa analikwepa tangu asubuhi.

— Kesho wataniuliza nani alitoa jina. Nitasema nani, mzee wangu?

— Sema wenyeji.

— Nilishaandika wenyeji mwaka jana. Sasa wanataka mtu.

— Brashi, mwanangu, mimi nimekunywa kahawa na wewe miaka kumi na moja. Kamusi alishusha sauti. — Nina umri wa kupelekwa polisi mimi? Ulikuwa na hiari ya kutoandika. Mkono ulikuwa wako.

Neno hilo lilimchoma Brashi, na lilimchoma zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli. Mkono ulikuwa wake. Angeweza kuvuka barabara akamuuliza mtunza bustani, angeweza kumtafuta mtu wa milimani halisi sokoni, wauza viazi wako tele. Hakufanya hivyo kwa sababu benchini palikuwa na raha, na kwa sababu alitaka kumfurahisha mzee. Alijiona mpumbavu na alijiona muuaji, na hakujua ni lipi linalomuuma zaidi.

Ndipo walipomwona mwanamke anavuka barabara akitokea langoni. Alikuwa mtu wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, viatu vya vumbi, mfuko wa plastiki mkononi. Alitembea kama mtu aliyeelekezwa, akihesabu miti, akaliona benchi, akaja moja kwa moja. Shubiri alishika kikombe safi kwa mazoea. Mwanamke akakataa kwa mkono, kwa upole.

— Samahanini, wazee wangu. Nimeambiwa na mlinzi hapo langoni kwamba aliyeandika vibao anakaa hapa. Na kwamba yuko naye mzee mmoja wa kwetu, mtu wa milimani.

Macho ya Safari Moja, ambayo hayakujua kutunza siri, yalikwenda kwa Kamusi. Mwanamke akayafuata.

Uso wake ulifunguka. Akapiga goti kidogo mbele ya mzee, akashika mikono miwili pamoja, akasema maneno marefu, laini, kwa lugha ambayo Brashi aliwahi kuisikia sokoni tu. Ilikuwa wazi kwamba ni salamu, na baada ya salamu kuna ombi, maana sauti ilipanda mwishoni ikabaki juu, ikingoja.

Kamusi alisimama. Alikohoa. Alinyoosha koti lake, akasema kwa lugha ile ile sentensi moja fupi, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

Mwanamke aliachia mikono. Alimtazama mzee kwa muda, kisha akawatazama wengine, kama mtu anayetafuta shahidi.

— Amekujibuje? Shubiri aliuliza.

— Ameniambia, mshtakiwa, simama, unakubali kosa au unakana.

Kamusi akajaribu tena, maneno mawili matatu. Mwanamke akatikisa kichwa.

— Sasa ananiambia kesi imeahirishwa.

Hata Safari Moja hakuthubutu kucheka. Kamusi alibaki amesimama, na Brashi akaona kwamba mzee ana machozi.

— Sikuwa mkalimani, Kamusi alisema hatimaye, kwa Kiswahili, akimwambia Brashi wala si mgeni. Nilikuwa tarishi. Nilibeba mafaili, nikasimama mlangoni nikisikiliza miaka ishirini na sita. Mama yangu alikuwa wa huko, hilo si uongo, walahi. Alifariki nikiwa bado nanyonya. Nimelelewa hapa hapa mjini. Nyinyi kila siku kwetu tunaita hivi, kwetu tunaita vile. Mimi kwetu sikuambiwa kitu. Siku moja shahidi alisema alikuwa njiani anachuma lusekwe, mkalimani akamweleza hakimu ni majani ya kikohozi. Hilo ndilo neno pekee la kwetu ambalo halikuwa la kesi. Nikalitunza.

— Na majani yenyewe umewahi kuyaona? Brashi aliuliza.

Mzee alitikisa kichwa.

Mwanamke alikuwa anasikiliza. Alipoelewa alikaa benchini bila kukaribishwa, kwenye nafasi iliyoachwa na Kamusi, mfuko magotini. Alipozungumza hakupandisha sauti, na Brashi alitamani sana aipandishe.

— Aliyefariki ni mama yangu, alisema. Sikuja kugombana. Mama ameishi mji huu miaka thelathini na minne. Hajawahi kuona lugha yetu imeandikwa mahali. Si dukani, si hospitalini, si shuleni kwa watoto. Ijumaa alirudi anacheka peke yake. Akaniambia, mwanangu, wametuandika. Wametuandika kwenye bati, na chini ya Kizungu, kwa herufi nzuri. Nikamwambia mama, mbona haya majani siyajui, lusekwe si ina vinywele? Akanijibu, wewe umezaliwa mjini, unajua nini. Watu wakishaandika, wameshahakikisha.

Shubiri aliweka birika chini.

— Tunazika leo saa kumi, mwanamke aliendelea. Kwetu mtu mzima wa nje ya nyumba ndiye anayemuaga marehemu kwa lugha yake, watoto hatuhesabiwi. Nikasema, kama kuna aliyeandika jina lile, basi mji huu una mtu wetu. Ndiye niliyemfuata.

Brashi alitaka kusema pole. Alitaka kusema kwamba ni yeye, ni mkono wake, misumari minne, herufi nzuri zile zile. Alichoweza kutoa ni swali.

— Dada yangu, ule mti kwenu mnauitaje hasa?

— Hatuuiti. Haupo. Kule ni baridi, mimi nimeuonea hapa mjini. Mtu hawezi kuwa na jina la kitu ambacho hajawahi kukiona. Mwanamke alimgeukia, akamwangalia vidole vyake vyenye rangi nyeupe kwenye kucha, akajua anazungumza na nani. — Naomba uniambie jambo moja tu, kaka yangu, nikawaeleze wadogo zangu. Kwa nini hamkuacha wazi?

Brashi alifungua mdomo amtaje meneja na sheria yake ya mapengo, akasikia jinsi litakavyosikika, akaufunga. Safari Moja, mtu wa methali kwa kila shida, alitazama matairi ya gari lililopita. Kamusi aliendelea kusimama mikono ikiwa ubavuni. Shubiri alimimina kahawa kwenye kikombe ambacho hakuna aliyekiomba, akakiacha hapo.

Mwanamke alisubiri kwa adabu, kwa muda ambao mtu humpa mkubwa wake amalize kufikiri. Kisha akainuka, akakung'uta nguo, akasema hajamaliza kununua sanda, akaenda zake.

Brashi naye aliinuka. Hakuaga. Alivuka barabara akaingia lango la nyuma na koleo lake la kung'olea misumari, akapita kwenye bomba, akasimama kwenye njia ya changarawe inayogawa bustani katikati. Namba thelathini na moja aliijua. Lakini pande zote mbili, chini ya kila mti, kulikuwa na herufi zake nzuri, vibao vingine arobaini na kimoja, na hakukuwa na hata kimoja ambacho angeweza kuapa kwamba ni cha kweli.